Kurudi kwenye mchezo wa zamani: ni dawa au ni ndwele?



Usiku wa kuamkia tarehe 27 Agosti 2019, saa sita kamili kwa saa za Ulaya ya kati, watu wengi sana katika nchi mbalimbali waliketi mbele ya kompyuta zao wakingoja mlango ufunguliwe. Haukuwa mlango wa jengo. Ulikuwa mlango wa mchezo uitwao World of Warcraft Classic, yaani mchezo uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2004, sasa umerudishwa karibu vile ulivyokuwa zamani. Wengi waliojaribu kuingia walionyeshwa kwamba mbele yao kuna foleni ya watu zaidi ya elfu kumi. Hawakukata tamaa. Walingoja saa nyingi.

Katika foleni ile walikuwamo akina baba na akina mama wenye umri wa miaka arobaini na zaidi, wenye kazi na watoto. Walikuwamo pia vijana ambao mwaka 2004 walikuwa bado wananyonya.

Huenda wewe msomaji hujauona mchezo huu. Lakini ndugu zetu wengi wanaishi Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako mchezo huu ni jambo la kawaida, na simu yenye michezo imekwisha kuingia katika nyumba zetu pia. Kwa hiyo yafaa tujiulize: mtu mzima anapourudia mchezo wa ujana wake, anatafuta nini? Je, kurudi huko kunamjenga au kunambomoa? Na kijana anayeukuta mchezo wa enzi za baba yake, anapata nini humo?

MCHEZO WENYEWE NI WA NAMNA GANI?

World of Warcraft ulitolewa tarehe 23 Novemba 2004 na kampuni ya Blizzard Entertainment ya Irvine, California, nchini Marekani. Ni mchezo wa kuigiza. Kila mchezaji hujitengenezea mhusika wake, humpa jina, humchagulia kabila na kazi: mpiganaji, mwindaji, mponyaji na kadhalika. Kisha humwingiza katika nchi ya hadithi iitwayo Azeroth, yenye misitu, milima, miji na mazimwi, mithili ya zile hadithi tulizosimuliwa na bibi jioni.

Tofauti na michezo mingine ni kwamba humo ndani hauko peke yako. Kwa njia ya intaneti maelfu ya watu huwa katika nchi ileile kwa wakati uleule. Unayekutana naye njiani ni mtu wa kweli, aliyeketi nyumbani kwake, pengine katika nchi nyingine kabisa. Na ukizima kompyuta ukalala, nchi ile inaendelea bila wewe.

Katika mchezo wa zamani mhusika huanza katika kiwango cha 1 na kupanda polepole hadi kiwango cha 60. Safari hiyo si fupi. Mchezaji wa kawaida hutumia zaidi ya saa mia moja, na wengi hufikisha mia mbili. Akifika juu hukuta kazi zisizowezekana kwa mtu mmoja. Katika pango la moto liitwalo Molten Core, kwa mfano, huingia watu 40 kwa pamoja. Wengine wanakinga, wengine wanashambulia, wengine wanaponya majeruhi. Mponyaji akisinzia, wote wanaangamia. Ndiyo maana wachezaji huunda vyama vyenye viongozi, kanuni na ratiba, na hugawana ngawira kwa utaratibu waliokubaliana.

Mwezi wa Oktoba 2010 kampuni ilitangaza kwamba waliojiandikisha kuucheza wamefika milioni 12. Na si bure. Marekani ada yake kwa mwezi ni karibu dola 15.

JINSI ULIVYOPOTEA NA JINSI ULIVYORUDI

Kitabu ukikiweka sandukuni miaka ishirini, utakikuta na maneno yaleyale. Mchezo wa namna hii sivyo. Unakaa katika mitambo ya kampuni, na kampuni ikiubadili, umebadilika kwa wote. Kuanzia Januari 2007 Blizzard waliongeza nchi mpya na viwango vipya. Kisha Desemba 2010 waliigeuza hata ile nchi ya kwanza: vijiji vilichomwa, mabonde yalifurika maji, njia zilipinda. Aliyetaka kurudi mahali alipocheza akiwa kijana hakuwa na pa kurudi.

Baadhi ya wapenzi wa mchezo wakaamua kuuendesha ule wa zamani katika mitambo yao wenyewe, bila idhini ya kampuni. Uliojulikana zaidi ni Nostalrius, uliofungwa Aprili 2016 baada ya wanasheria wa Blizzard kuwaandikia wenyewe. Watu zaidi ya laki mbili walitia sahihi ombi la kutaka mchezo wa zamani urudishwe. Novemba 2017 kampuni ilitangaza kwamba itaurudisha, na ikafanya hivyo Agosti 2019.

Huo haukuwa wa kwanza. Kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, ilikuwa imefanya vivyo hivyo Februari 2013. Iliwapigisha kura wachezaji wake, kisha ikaufungua tena mchezo wake RuneScape kama ulivyokuwa mwaka 2007.

Jambo moja lililotokea wakati wa kuujaribu mchezo uliorudishwa linafundisha sana. Wachezaji walileta malalamiko kwamba jambo hili na lile limeharibika, kwamba zamani halikuwa hivyo. Watengenezaji wakalinganisha na mchezo wa mwaka 2006 waliokuwa wameuhifadhi, wakakuta mengi yalikuwa hivyohivyo tangu zamani. Mwezi wa Mei 2019 walilazimika kutoa orodha ya mambo ambayo si makosa. Watu hawakusema uongo. Kumbukumbu zao ndizo zilizokuwa zimebadilika. Kumbukumbu ya mwanadamu haihifadhi kama picha ya kamera. Kila tunapoikumbuka siku, tunaijenga upya kidogo, na aghalabu taabu ndogondogo hudondoka njiani.

HAMU YA ZAMANI: ILIITWA UGONJWA

Hapa tunafika kwenye habari ya afya hasa. Mwaka 1688 mwanafunzi mmoja wa udaktari huko Basel, Uswisi, jina lake Johannes Hofer, aliandika juu ya watu waliokaa mbali na kwao wakadhoofika: hawali, hawalali, wanalia, wanawaza nyumbani tu. Aliupa ugonjwa huo jina kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya kurudi nyumbani na jingine lenye maana ya maumivu. Ndilo jina nostaljia. Kwa muda mrefu baada yake, madaktari wa Ulaya waliitazama hamu hiyo kama maradhi ya kweli, hasa kwa askari waliokuwa vitani ugenini.

Siku hizi wataalamu wa nafsi hawaihesabu kuwa ugonjwa. Wameona kwamba mtu huikumbuka zamani zaidi anapokuwa mpweke au mwenye huzuni, na kwamba kumbukumbu hiyo aghalabu humpa faraja, kwa kuwa humrudishia sura za watu waliompenda. Wameona pia kwamba watu wa makamo na wazee hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya umri wa miaka kumi hadi thelathini. Huo ndio umri wa mambo ya mara ya kwanza: rafiki wa kwanza, mshahara wa kwanza, safari ya kwanza mbali na wazazi.

Sasa hesabu mwenyewe. Mtafiti Nick Yee aliwahoji wachezaji wapatao elfu 30 wa michezo ya aina hii mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wadogo walikuwa na miaka 11 na wakubwa 68. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 26 hivi, nao walicheza kwa wastani saa 22 kwa juma. Mtu wa miaka 26 mwaka 2004 sasa amepita miaka 45. Mchezo umeshikamana na miaka ile ambayo moyo wake huikumbuka kuliko yote.

KILA UMRI NA HAJA YAKE

Mchezo uliporudi, hakuna aliyeruhusiwa kuja na mhusika wake wa zamani. Mtu wa miaka 45 na kijana wa miaka 16 walianza wote katika kiwango cha 1. Lakini hawakuja kutafuta kitu kimoja.

Vijana. Hawa hawana zamani ya kuikumbuka humo. Wengi wamekulia katika michezo ya haraka, inayokupa zawadi kila dakika. Katika mchezo huu wa kale wanakuta safari ndefu kwa miguu, umaskini, na haja ya kumwomba msaada mtu wasiyemjua. Baadhi yao hupenda hivyo. Wanajifunza kungoja zamu na kutimiza ahadi mbele ya watu wazima. Hatari yao ni mbili: usingizi, ambao bado wanauhitaji sana kwa kuwa wanakua, na maneno ya watu wasiowajua.

Watu wa makamo. Hawa ndio wanaorudi hasa. Zamani walikuwa wanafunzi wenye muda na bila fedha. Sasa wana fedha kidogo na hawana muda. Chukua mfano wa baba wa miaka 44. Zamani alicheza tangu jioni hadi alfajiri, akalala mchana. Leo saa kumi na mbili asubuhi mtoto anataka kupelekwa shule, na mwili wa miaka 44 haulipi deni la usingizi upesi kama ule wa miaka 22. Akijaribu kuucheza mchezo wa zamani kwa saa za zamani, atalipa kwa shinikizo la damu, kwa hasira nyumbani na kwa kusinzia kazini.

Wazee. Wapo waliostaafu, ambao nyumba imekuwa kimya. Chama cha wachezaji huwapa watu wa kuzungumza nao jioni. Ni kweli kwamba wepesi wa mwili hupungua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa wachezaji 3,305 wa mchezo mwingine wa Blizzard uitwao StarCraft II. Waliona kwamba wepesi wa kuitikia huanza kupungua mapema sana, kwenye miaka 24 hivi. Lakini waliona pia kwamba wenye umri mkubwa hufidia kwa kurahisisha kazi na kutumia mbinu walizozizoea. Mchezo wa zamani ni wa polepole, hivyo mzee mwenye uvumilivu na maarifa hapungukiwi kitu ndani yake. Yeye ahofu zaidi kukaa kitako muda mrefu.

KINACHORUDI NA KISICHORUDI

Wengi waliorudi walipata furaha ya kweli. Wengi wao pia waligundua jambo lenye uchungu kidogo. Mwaka 2005 ilichukua karibu miezi mitano tangu mchezo kutoka hadi chama cha kwanza kulishinda zimwi la moto Ragnaros. Mwaka 2019 lilishindwa kabla ya juma moja kwisha, na mchezaji wa kwanza alifika kiwango cha 60 ndani ya siku nne. Msitu ulikuwa uleule na zimwi lilelile. Lakini sasa kila siri ilikuwa imekwisha kuandikwa na kusambazwa. Ule mshangao wa kutojua haukurudi.

Hata marafiki wote hawakurudi. Mtu alifungua mchezo akitazamia sauti za rafiki zake wa mwaka 2005. Mmoja ameoa na ana watoto wadogo, mmoja hapatikani, mmoja amefariki. Baadhi walisikitika wakaondoka baada ya mwezi. Wengine waligundua kwamba waliyemtafuta si mchezo, bali ni wale watu. Wakawapigia simu. Huenda hilo ndilo lililokuwa tunda jema kuliko yote ya kurudi kwao.

Kwamba urafiki wa mchezoni unaweza kuwa wa kweli, tuna ushahidi wa kijana wa Norwei aitwaye Mats Steen. Alizaliwa na ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli mwaka hata mwaka. Aliishia katika kiti cha magurudumu, akitumia vidole vichache tu. Kwa miaka mingi alicheza World of Warcraft kwa jina la Ibelin. Wazazi wake walihuzunika wakidhani mtoto wao anaishi peke yake chumbani. Alifariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Baba yake alipoandika habari za kifo kwenye ukurasa wa mwanawe wa intaneti, barua zilianza kumiminika kutoka nchi mbalimbali, kutoka kwa watu aliowafariji, aliowashauri, aliowasikiliza. Baadhi walisafiri kuja kumzika. Filamu juu ya maisha yake ilitoka mwaka 2024. Yaeleza, pamoja na mengine, jinsi alivyomsaidia mama mmoja na mwanawe mwenye usonji kukaribiana kwa njia ya mchezo huo.

Mats hakuwa na mlango mwingine, na mlango ule aliutumia vizuri. Mwenye miguu asichukue habari hii kuwa ruhusa ya kutotoka nje.

KAMBA ILEILE INAYOFUNGA

Kile kinachouponya mchezo huu ndicho kinachoweza kuufanya kifungo. Watu 39 wanakungoja saa mbili usiku. Ukiwaacha, kazi ya wote inaharibika. Kwa mpweke hilo ni jambo zuri: anahitajika. Lakini kwa mama mwenye mtoto mgonjwa, au kwa mwanafunzi mwenye mtihani kesho, ni kamba shingoni. Anaona aibu kuondoka.

Kuna jambo la pili. Zimwi linapouawa huacha ngawira kidogo, na haijulikani itakuwa kitu gani. Pengine kile unachokitafuta kitatoka leo, pengine baada ya majuma ishirini. Mwanasayansi B. F. Skinner wa Marekani alionyesha katika karne ya 20, kwa majaribio ya panya na njiwa, kwamba tuzo inayokuja bila mpango maalumu hushikilia tabia kwa nguvu kuliko tuzo inayokuja kila mara. Ndivyo wacheza kamari wanavyoshikwa. Ndivyo hata mtu mwenye akili timamu anavyosema, "Mara moja tu, kisha nalala," na jogoo akawika.

Mwezi wa Mei 2019 Mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Ndani yake umo ugonjwa wa uraibu wa michezo ya kompyuta na simu. Dalili zake ni tatu:

1. Mtu ameshindwa kujitawala: hawezi kupanga lini aanze, acheze kiasi gani, lini aache.

2. Mchezo umepewa nafasi ya kwanza kuliko mambo mengine ya maisha na kazi za kila siku.

3. Anaendelea, au anazidisha, ingawa anaona madhara yake.

Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi, na iwe imeharibu kweli maisha ya nyumbani, masomo au kazi. Kwa hiyo tusiwaite wagonjwa wote wanaocheza. Wanaofikia hali hiyo ni sehemu ndogo tu ya wachezaji. Lakini akiwapo mmoja nyumbani, kumfokea na kuvunja kompyuta hakumponyi. Mara nyingi nyuma ya uraibu pamejificha huzuni, woga au upweke. Yafaa apelekwe kwa daktari au mshauri wa afya ya akili.

MWILI UNASEMA NINI?

Usingizi. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kila usiku. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Mwanga wa kioo cha kompyuta au simu, pamoja na msisimko wa vita, huuchelewesha usingizi. Mchezo uishe saa moja nzima kabla ya kulala. Kahawa na vinywaji vya kuchangamsha visitumiwe usiku.

Macho. Mtu akikazia macho kioo, hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, na macho hukauka na kuwasha. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho mbali hatua saba au nane, kwa muda wa sekunde 20.

Mikono na mgongo. Maumivu au ganzi katika kidole gumba na vidole vinavyokifuata huweza kuonyesha kwamba mshipa wa fahamu unaopita kifundo cha mkono unabanwa. Pumzisha mkono mapema, usingoje ufe ganzi kabisa. Keti huku miguu imegusa sakafu na mgongo umeegemea.

Damu. Kukaa saa nyingi bila kuinuka hupunguza mwendo wa damu miguuni. Mara chache, lakini hutokea, damu huganda ndani ya mshipa, na donge likisafiri mpaka mapafuni laweza kuua. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa na joto, au ukipungukiwa pumzi ghafla, nenda hospitali upesi. Kinga yake ni rahisi: inuka kila saa, tembea kidogo, kunywa maji.

MCHEZO WENYEWE UNAJUA KUPUMZIKA

Jambo hili huenda likawashangaza wengi. Katika World of Warcraft, mhusika akilazwa katika nyumba ya wageni wakati mwenyewe hachezi, hujiwekea akiba ya mapumziko. Kila saa nane za kupumzika humwongezea kidogo. Akirudi, hupata alama maradufu kwa kila adui anayemshinda, mpaka akiba ile iishe. Akipumzika siku kumi, akiba imejaa.

Mchezo ulipokuwa ukijaribiwa kabla ya mwaka 2004, utaratibu huu uliwekwa kama adhabu: aliyecheza muda mrefu alipunguziwa alama. Wachezaji walinung'unika sana. Watengenezaji wakaugeuza, wakasema kwamba aliyepumzika anaongezewa. Malalamiko yakaisha. Wazazi na tuchukue funzo hapo. Mtoto anayeambiwa, "Ukicheza zaidi nitakunyima," hukasirika. Mtoto anayeambiwa, "Ukipumzika na kumaliza kazi zako, Jumamosi tutacheza pamoja," husikia maneno mengine kabisa.

USHAURI KWA FAMILIA

1. Anayerudi kwenye mchezo wa zamani apange kwanza na watu wa nyumbani: siku zipi, saa ngapi. Mzazi naye apange, asidhani kwamba sheria ni ya watoto tu.

2. Achague chama chenye ratiba inayolingana na maisha yake ya sasa. Vipo vyama vya watu wenye familia, wanaokutana mara moja kwa juma na kuachana mapema. Aseme wazi tangu mwanzo kwamba mtoto akilia ataondoka.

3. Kompyuta ikae sebuleni, isikae chumbani mwa kulala.

4. Mchezo huu unapendekezwa Ulaya kwa wenye miaka 12 na kuendelea, na Marekani kwa vijana wa miaka 13 na kuendelea. Mdogo zaidi asiachwe peke yake humo. Kampuni imeweka njia ya mzazi kuwekea mipaka saa za kucheza. Itumieni.

5. Mtoto asimpe mtu yeyote wa mchezoni jina lake kamili, shule, picha wala fedha. Mtu akimwambia, "Hili usimwambie mama," ndipo hasa amwambie mama.

6. Mzazi na mtoto wakicheza pamoja, mtoto aulize juu ya zamani. Wapo akina baba ambao hawakuwahi kusimulia ujana wao mpaka walipotembea na binti zao katika misitu ya Azeroth.

7. Kila mwezi jiulizeni swali hili: tangu mchezo uanze, mtu huyu ana watu wengi zaidi maishani mwake, au wachache zaidi? Akiwa na wengi zaidi, na analala, na anafanya kazi zake, msimsumbue. Akiwa na wachache zaidi, anzeni mazungumzo mapema.

Haya hayahusu mchezo mmoja tu. Old School RuneScape, ule mchezo wa zamani wa Jagex, unachezwa hata kwenye simu tangu Oktoba 2018, na michezo ya simu iliyomo katika nyumba zetu hutumia mbinu zilezile za tuzo na foleni. Vipimo ni vilevile: usingizi, kazi, watu.

Wahenga walisema, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Daktari Hofer alidhani hamu ya yaliyopita ni ndwele. Leo twajua kwamba si ndwele. Mtu wa miaka 45 anayetamani jioni za ujana wake hana maradhi yoyote. Basi mtu wa nyumbani mwako akirudi kwenye mchezo wake wa zamani, usianze kwa kumcheka wala kumfokea. Keti karibu naye jioni moja, umwulize alicheza na nani zamani, na kama bado wanawasiliana. Kisha mkumbushe kwamba saa nne usiku imefika.